UZI: Vioo vya umeme vya Mercedes W123 vimenigomea, naomba msaada kabla sijanunua mota ya pili

Benzi la Ami (Chake Chake)

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Nina Mercedes-Benz 240D, bodi ya W123, ya mwaka 1982. Ilikuwa ya ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, na ndiyo iliyobeba maharusi wengi hapa Chake na vijiji vya jirani. Injini ya dizeli mpaka leo ukipasha moto inaitika mara moja. Rangi nimepiga, viti nimeshonesha. Kilichobaki kinaniumiza roho ni vioo.

Hali iko hivi. Kioo cha dereva kinapanda, lakini kwa taabu mno, nimekipima kwa saa ya simu, sekunde 11 kutoka chini mpaka juu. Cha abiria wa mbele kinashuka vizuri kabisa, kupanda ndiyo hakitaki. Unabonyeza unasikia "tak" ya swichi, basi. Nyuma kulia kimekufa, ila kuna siku huamka chenyewe na kufanya kazi kama hakijawahi kuumwa. Nyuma kushoto hakina neno.

Nilianza na cha dereva. Fundi alifungua mlango, akachomoa plagi ya mota, akaweka mita kwenye plagi, ikasoma volti 12. Akasema umeme unafika wote, mota ndiyo imechoka. Nikaagiza mota Dar, ikaja kwa boti mpaka Mkoani, nikaifunga. Sekunde 11 zile zile. Fedha imekwenda na kioo kiko pale pale.

Jengine, nilipofunua kifuniko cha fyuzi nimekuta moja imezungushiwa uzi wa shaba juu yake. Sijui aliyefanya ni nani wala lini.

Masika imeshaanza. Naishi Wesha karibu na gati, upepo wa chumvi tunaula mchana na usiku. Nauliza: nianzie wapi?

Mzee wa Mtambile

Waalaykum salaam mwanangu. Gari hiyo naijua, ami yako alinipakia nikiwa kijana. Mimi yangu ilikuwa ikichelewesha vioo nikatoa fyuzi nyekundu nikaweka ya buluu, kubwa zaidi. Vikajikaza kidogo. Jaribu hivyo.

Kijana wa Bububu

Kaka mimi nina Toyota Mark II, nilipata tabu kama yako upande wa abiria. Ilikuwa swichi kuu ya mlango wa dereva. Badilisha swichi zote nne umalize.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Benzi la Ami, pole kwa mota. Usinunue kitu chochote tena mpaka tupime. Na kwanza kabisa, kabla ya mita, toa ile fyuzi yenye uzi wa shaba leo hii. Fyuzi imewekwa pale ife yeye, waya usiungue. Ukiifunga uzi, siku mota ikikwama au waya ukigusa bodi, kitakachoyeyuka ni nyaya zilizo ndani ya dashibodi, na moto wa gari hauna subira.

Mzee wangu wa Mtambile, kwa heshima zote, hilo la fyuzi ya buluu sikubaliani nalo. Fyuzi za W123 ni zile za umbo la risasi: nyeupe ampea 8, nyekundu 16, buluu 25. Waya wa vioo umepimwa kwa 16. Ukiona nafuu baada ya kubadilisha, nafuu ile imetokana na kutoa fyuzi yenye kutu na kuweka safi. Rangi haikuhusika. Ukiweka nyekundu mpya utapata nafuu ile ile, na usalama wako unabaki.

Sasa kosa la yule fundi. Alipima plagi ikiwa imechomolewa. Mita inakunywa umeme mdogo mno, karibu na hakuna. Hata waya umebaki uzi mmoja uliooza, mita itakusomea 12 bila wasiwasi. Mota inataka ampea 6, 7, 8. Hapo ndipo waya mbovu hujulikana. Kwa hiyo pima hivi, mota ikiwa imechomekwa na mtu mwengine amebonyeza swichi ya kupandisha:

Kwanza betri yenyewe, nguzo kwa nguzo. Kisha kwenye miguu miwili ya mota, ukiingiza ncha za mita kwa nyuma ya plagi. Kisha ncha moja kwenye nguzo ya chanya ya betri na nyengine kwenye mguu wa mota unaopokea chanya. Mwisho ncha moja mguu wa pili wa mota na nyengine nguzo ya hasi ya betri. Tuletee namba nne.

Benzi la Ami

Shukran sana fundi. Uzi wa shaba nimeutoa. Nimepima jioni hii, mke wangu akibonyeza swichi:

Betri 12.5. Kwenye mota 7.6. Upande wa chanya imesoma 3.9. Upande wa hasi 1.0.

Nilitazama ile 7.6 nikairudia mara tatu. Mota mpya niliyoilaumu ilikuwa inalishwa volti 7 na nusu.

Maalim wa Wete

Naomba niingie hapa, nafundisha fizikia skuli ya sekondari na mfano huu nimeupenda. Tazameni hesabu inavyofunga: 7.6 na 3.9 na 1.0 ni 12.5. Hakuna volti iliyopotea hewani. Zile 4.9 zimeliwa njiani, na zinapoliwa zinageuka joto. Tukikadiria mota inavuta ampea 7, basi 4.9 mara 7 ni wati 34. Ni joto la kutosha kugeuza plastiki rangi pale penye kiungo kibovu. Kwa hiyo kaka, baada ya kubonyeza kwa muda, zima, kisha pitisha kidole kwenye fyuzi, kwenye swichi na kwenye plagi. Pale penye moto ndipo penye maradhi.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Maalim umeeleza vizuri kuliko nilivyoweza. Benzi la Ami, sasa zigawe zile 3.9. Ncha za mita huku na huku ya fyuzi yenyewe, kioo kikiwa kinapanda. Kisha kuingia na kutoka kwa swichi.

Benzi la Ami

Fyuzi peke yake 2.1. Swichi 1.4. Iliyobaki 0.4 ni nyaya.

Fyuzi nimeigusa baada ya kupandisha kioo mara mbili, nikaondoa kidole haraka. Nimeitoa nikaitia juani. Ni ya bati jeupe, nadhani alumini, na kwenye ncha zake zile za mviringo kuna unga mweupe kama chokaa. Kikombe cha shaba inapokaa kimefanya doa jeusi. Nimeigeuza kidogo tu kwa vidole kabla ya kuitoa, mita ikashuka kutoka 2.1 hadi 0.9. Kwa kuizungusha tu!

Fundi wa Mwanakwerekwe

Hiyo ndiyo tabia ya fyuzi za umbo la risasi. Zinashikwa kwa ncha mbili tu na springi ya shaba, eneo la kugusana ni dogo kama punje ya mtama. Alumini ikikutana na shaba kwenye hewa ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Tafuta zenye utepe wa shaba. Toa zote kwenye boksi, sio ya vioo peke yake, maana taa na wipa zinakula umeme kwenye boksi hilo hilo. Chomoa betri kwanza. Sugua vikombe kwa msasa laini kabisa mpaka vitoe rangi ya shaba, futa unga, binya springi ndani kidogo zikaze, paka vaselini nyembamba baada ya kufunga. Vaselini haipitishi umeme, kazi yake ni kuzuia chumvi isirudi.

Ile 1.0 ya upande wa hasi fuata waya wa kahawia. Kwenye Mercedes kahawia ni bodi, yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye hasi ya betri. Utaukuta umefungwa kwa bolti kwenye chuma. Fungua, kwangua rangi na kutu, funga tena.

Kijana wa Bububu

Fundi, kwenye Toyota yangu kwa nini swichi ya dereva ndiyo iliyoua kioo cha abiria? Sijawahi kuelewa.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Kwa sababu kwenye gari nyingi za Kijapani umeme wa mlango wa abiria unapitia ndani ya swichi kuu ya dereva, hasa njia yake ya kurudi bodi. Swichi kuu ikichafuka, kioo cha abiria kinakufa hata kama swichi yake mwenyewe ni mpya. Ulibahatika ukabadilisha sahihi. Ila kumwambia mtu anunue nne kwa sababu moja ilikuwa mbovu si haki kwa mfuko wake.

Benzi la Ami

Siku mbili zimepita, mvua imenikalisha. Leo nimemaliza boksi la fyuzi na waya wa bodi. Sekunde 6! Taa za mbele nazo zimeng'aa mpaka mke wangu ameuliza nimebadilisha balbu lini.

Sasa cha abiria. Kinashuka, hakipandi. Nimebadilishana swichi: ya abiria nimeitia kwa dereva na ya dereva kwa abiria, kwa kuwa zote zimo kwenye konsoli ya kati na zinafanana. Cha abiria kimepanda. Cha dereva sasa ndicho hakipandi. Kwa hiyo swichi ndiyo mbovu, mota haina hatia. Ila kuna jambo limenichanganya. Nilipokuwa napima kabla ya kubadilisha, nikibonyeza kupanda, mguu mmoja wa mota unasoma 12.4 ukilinganisha na bodi. Sawa. Mguu wa pili nao unasoma 12.4! Vipi chanya ije pande zote mbili?

Fundi wa Mwanakwerekwe

Swali lako ni zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Sikiliza.

Mota ya kioo haina upande wa chanya na upande wa hasi. Ina miguu miwili tu. Swichi ikiwa imetulia, miguu yote miwili imelala kwenye bodi. Ukibonyeza kupanda, mguu wa kwanza unanyanyuliwa kutoka bodi na kupewa chanya. Wa pili unabaki pale pale ulipolala, na ndiyo njia ya kurudi. Ukibonyeza kushuka, kinyume chake.

Kwako chanya ilifika mguu wa kwanza, ikapita ndani ya mota, ikatokea mguu wa pili, ikakuta njia imefungwa. Haina pa kwenda, mota haizunguki, na mita inakusomea 12.4 kotekote. Maana yake kidole cha swichi cha upande wa *kushuka* ndicho kilichoungua pale kinapolala kwenye bodi. Watu wengi hufungua swichi wakasafisha upande wa kupanda, wakaukuta mzima, wakachanganyikiwa.

Maalim wa Wete

Hili la mguu wa pili nitalichora ubaoni wiki ijayo, inshaallah.

Benzi la Ami

Nimeifungua juu ya meza, nimetandika kitambaa cheupe ili springi zisipotee. Ni vile vile ulivyosema. Ndani kuna vidole viwili vya shaba vinavyocheza kama bembea. Kimoja kinang'aa. Cha pili, kwenye kichwa chake pale kinapolala, kuna shimo jeusi dogo lenye ukingo, kama alama ya sindano iliyochomwa moto, na plastiki ya chini imegeuka kahawia. Nisugue kwa msasa?

Fundi wa Mwanakwerekwe

Msasa usiutumie hapo. Vichwa vile vina ngozi nyembamba ya fedha, ukiipara unafika kwenye shaba tupu na baada ya mwezi mmoja au miwili tatizo linarudi. Chukua kipande cha karatasi ngumu, kiloweshe kwa dawa ya kusafishia swichi, kipitishe katikati huku ukikibana, vuta. Rudia mpaka karatasi itoke safi. Kama shimo ni kubwa mno swichi itakusaidia kwa muda tu, hapo ndipo utafute nyengine, moja, si nne.

Mzee wa Mtambile

Nimewasoma wote. Nimerudisha fyuzi nyekundu kwenye yangu na nimezungusha zote kwa vidole kama alivyosema. Allah akulipeni. Nyuma kulia vipi mwanangu?

Benzi la Ami

Mzee wangu, nyuma kulia ndiko kulikoniweka uani mpaka magharibi.

Nilimweka kijana wangu abonyeze swichi bila kuachia, mimi nikawa nafungua na kufunga mlango taratibu. Mlango ukifika nusu, kioo kinaruka kidogo. Ukifunga, kimya. Hapo nikajua: waya umekatika ndani ya ule mpira mweusi unaopitisha nyaya kutoka nguzo ya gari kuingia mlangoni. Miaka zaidi ya 40 unakunjwa na kukunjuliwa.

Nimeuvua mpira. Kwa macho nyaya zote nzima. Nikavuta mmoja mmoja kwa vidole viwili. Wa tatu ukarefuka, ngozi yake ikanyooka kama ubani uliotafunwa, maana ndani hakuna shaba tena ya kuushika. Nimeichana ngozi kwa wembe, shaba imekuwa unga wa kijani, na nyuzi mbili tatu zimebaki zinagusana zikitaka.

Lakini sasa nina tatizo jipya ambalo halihusu umeme kabisa. Nimerudishia, nikawasha gari kujaribu, kioo kikapanda. Nikazima ufunguo. Injini haikuzimika! Ufunguo mkononi, gari linaendelea kunguruma. Nilishtuka sana. Nimeizima kwa kuweka gia na kuachia klachi.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Usishtuke, hujaharibu injini. W123 yenye kufuli za pamoja, kufuli hizo hazitumii umeme, zinatumia mvuto wa hewa, vakyumu. Na dizeli yake nayo huzimwa kwa vakyumu hiyo hiyo kupitia ufunguo. Ndani ya mpira ule ule wa mlango, pamoja na nyaya, kuna bomba jembamba la plastiki. Ulipokuwa unavuta nyaya umelichomoa au umelipasua. Hewa inaingia, mvuto umekwisha, pampu ya dizeli haipati amri ya kufunga.

Likague na ulirudishe, hakikisha limekaa kwa mkazo. Na likitokea tena fungua boneti, juu ya injini kuna wenzo mdogo ulioandikwa STOP. Ubonyeze kwa mkono mpaka injini itulie. Usiizime tena kwa gia, unaumiza klachi.

Kuhusu waya: usiunge pale pale penye mkunjo. Ukichomea kwa risasi ya kulehemu, risasi hiyo inaufanya waya mgumu, na utakatika tena milimita chache pembeni ya kiungo. Pachika kipande kirefu cha waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, unene ule ule, na viungo viwili uviweke ndani ya nguzo na ndani ya mlango, mahali pasipocheza. Ukiweza badilisha nyaya zote za mpira ule, kwa sababu hizo nyengine umri wao ni mmoja.

Kijana wa Bububu

Na mtu akikwama na kioo chini mvua inanyesha, afanyeje? Nilishawahi kujaribu kukisukuma kwa mkono kikagoma.

Fundi wa Mwanakwerekwe

Hakisukumiki, mota ina gia ya parafujo, inazungusha kioo lakini kioo hakiwezi kuizungusha yenyewe. Fungua kava la mlango, chomoa plagi ya mota, chukua nyaya mbili kutoka betri, mmoja uwe na fyuzi ya ampea 16 njiani. Gusisha miguu miwili. Kikishuka, geuza nyaya. Kikifika juu achia papo hapo, usiendelee kuibana. Hiyo pia ndiyo njia ya kujua mota nzima au mbovu kabla hujaagiza nyengine Dar.

Benzi la Ami

Hilo la mwisho ningelijua mwezi uliopita, mota ya ami isingevuliwa. Nimeipima hivyo leo ikiwa mezani: inazunguka vizuri, pande zote. Nimeifunga kwenye mfuko nimeiweka akiba.

Bomba la vakyumu lilichomoka kwenye kiungo cha mpira, halikupasuka. Nimelirudisha, gari linazima kwa ufunguo. Nyaya za mlango wa nyuma kulia nimebadilisha zote. Nikiwa humo ndani nimekuta grisi ya regulata, ile mikono inayopandisha na kushusha kioo, imekauka imekuwa kama gundi ya zamani, nimeifuta kwa mafuta ya taa na kupaka mpya, na mifereji ya mpira nimeisafisha kwa maji ya sabuni kisha nikaipulizia silikoni. Kioo cha dereva nimekifanyia hivyo hivyo.

Vipimo vya leo, kioo cha dereva kikipanda: betri 12.5, mota 11.9. Fyuzi 0.1, swichi 0.2, nyaya 0.2, bodi 0.1. Sekunde 4 na nusu.

Swichi iliyoungua inafanya kazi baada ya kuisafisha, lakini lile shimo silipendi.

Fundi wa Mwanakwerekwe

0.6 kwa jumla kwenye gari la 1982 ni safi sana. Swichi hiyo ihamishie kioo cha nyuma kushoto kama inaingia, kisichotumika mara nyingi, na nzima ije mbele. Na kwa kuwa unakaa Wesha, masika ikimalizika funua boksi la fyuzi uzizungushe tena.

Benzi la Ami

Inaingia, nimeshaijaribu. Ijumaa kuna harusi Gombani na wameliomba gari. Vioo vyote vinne nitavifunga mvua ikija.